Tangi, lambo, bwawa la mchanga au kisima kirefu? Tulinganishe kwa mizania ya maji

Kijiji kikipata fedha za mradi wa maji, mjadala huwa mfupi. Mmoja atasema majirani wamechimba kisima kirefu, basi na sisi tuchimbe. Mwingine anataka lambo kwa sababu mifugo ni mingi. Wa tatu ana tangi nyumbani kwake, linamtosha, na haoni kwa nini wengine wasifanye hivyo. Wote wanazungumzia jinsi maji yatakavyoingia. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza yatatoka kwa njia gani, na mimi naamini hilo ndilo swali linaloamua kama mwezi wa Septemba kutakuwa na maji ya kuchota au la.

Hapa nalinganisha njia nne za kuhifadhi maji katika nyanda kavu: Dodoma, Singida, Shinyanga na Simiyu kwa upande wa Tanzania, na Kitui, Makueni na Machakos kwa upande wa Kenya. Silinganishi kwa bei, kwa kuwa bei hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya na mwaka hadi mwaka. Nalinganisha kwa mizania ya maji, hesabu ambayo mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

## Hesabu yenyewe

Shuleni tulichorewa mzunguko wa maji: jua, bahari, wingu, mlima, mto, kisha bahari tena. Mchoro ule ni sahihi ila hauna namba. Mizania ndiyo inayouwekea namba. Chukua chombo chochote, liwe tangi, lambo, ziwa au mwamba wenye nyufa ulio mita 80 chini ya ardhi. Maji yaliyoingia, ukitoa maji yaliyotoka, ni sawa na badiliko la akiba iliyomo. Yanaingia kwa mvua inayoangukia humo, kwa maji yanayotiririka juu ya ardhi, na kwa yanayopenya kutoka pembeni. Yanatoka kwa jua na mimea, kwa kupenya chini, kwa kufurika, na kwa ndoo na midomo ya mifugo. Hakuna tone linaloishia nje ya hesabu hiyo. Likikosekana, ujue ipo njia ya kutokea ambayo hujaipima.

Nguvu ya jua tunaidharau mno, kwa hiyo nianze na Ziwa Victoria. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na watu wengi hudhani linajazwa na mito. La hasha. Takriban asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayoangukia juu ya ziwa lenyewe, na sehemu inayokaribia hiyo huchukuliwa na jua. Mto Nile unaotoka Jinja hubeba kiasi kilichobaki tu. Ndiyo maana mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache: mvua ilizidi, na jua halikuweza kuongeza kasi yake kwa kiwango hichohicho.

Sasa ikiwa jua ndilo mnywaji mkuu wa ziwa lenye kina cha wastani cha mita 40, lambo la mita moja lina hali gani?

## Lambo: kina ni kila kitu

Katika nyanda kavu za kati, jua na upepo huondoa kati ya milimita 5 na 7 za maji kwa siku kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Tuchukue 6. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa wastani wa takriban milimita 570 kwa mwaka. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi saba, siku 210 hivi. Zidisha siku hizo kwa milimita 6 upate milimita 1,260. Kwa maneno mengine, mita moja na robo ya maji itapanda hewani kabla hujamhesabia ng'ombe hata mmoja.

Ongeza yanayopenya chini. Lambo lenye sakafu ya mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri linaweza kupoteza milimita 2 kwa siku; lenye udongo wa kichanga hupoteza zaidi ya hapo, wakati mwingine mara kadhaa. Tukubali 2. Kwa siku 210 ni milimita 420 nyingine. Jumla ni mita 1.68.

Tuyaweke malambo mawili bega kwa bega, yenye ujazo uleule wa mita za ujazo 4,800, yote yakiwa yamejaa tarehe 1 Mei. Kwa wepesi wa hesabu nachukulia kuta zimesimama wima.

| | Lambo dogo lenye kina | Lambo pana la kina kifupi |
|---|---|---|
| Ukubwa wa uso | mita 40 kwa 40 | mita 60 kwa 80 |
| Kina | mita 3 | mita 1 |
| Ujazo | mita za ujazo 4,800 | mita za ujazo 4,800 |
| Yanayochukuliwa na jua na ardhi kwa siku | mita za ujazo 12.8 | mita za ujazo 38.4 |
| Hali baada ya siku 210, bila matumizi yoyote | zimebaki 2,112 | lilikauka mwanzoni mwa Septemba |

Gharama ya kuondoa udongo haitofautiani sana, lakini lambo la kwanza linanywesha ng'ombe 200 kiangazi kizima (lita 30 kila mmoja kwa siku, jumla ya mita za ujazo 1,260) na bado linabakiwa na akiba. La pili linakauka hata ukilizungushia ukuta asiingie mnyama yeyote. Lambo halisi lina kingo za mteremko, hivyo namba zitashuka kidogo, ila mwelekeo haubadiliki. Mkandarasi akikuambia lambo lake litakuwa kubwa, muulize kina.

Upande wa kuingia hauna shida sana. Ardhi ya mteremko mdogo yenye majani machache hutiririsha labda sehemu moja ya kumi ya mvua yake. Kwa milimita 550 za mwaka hiyo ni milimita 55, yaani mita za ujazo 550 kwa kila hekta. Hekta tisa hivi zinatosha kulijaza lambo tulilolitaja. Kinacholiua lambo polepole ni tope linaloingia pamoja na maji hayo. Sentimita kumi hivi za tope kila mwaka, na baada ya miaka kumi lile lambo la mita 3 limekuwa la mita 2, na hesabu ya jua inaanza kukushinda. Shimo dogo la kutegea tope kwenye njia ya maji, pamoja na nyasi zisizolishwa mifugo kuzunguka lambo, ni sehemu ya ujenzi. Msiviache viwe jambo la baadaye.

Kwa kunywa watu, sikushauri lambo. Maji yale yamepita kwenye malisho na njia za mifugo. Ukilazimika, chimba kisima kifupi mita kadhaa pembeni mwake ili maji yachujwe na udongo, kisha yatibu kwa dawa au yachemshe.

## Bwawa la mchanga: maji yaliyofichwa jua

Huu ni ujuzi ambao Ukambani wameukuza kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Katika Kitui peke yake shirika la SASOL limejenga mabwawa ya namna hii kwa mamia, wananchi wakichangia mawe, mchanga na nguvu zao.

Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua zikija, mto huleta mchanga, mchanga hukwama nyuma ya ukuta, na baada ya msimu mmoja hadi minne pengo lote limejaa. Kwa macho huoni bwawa, unaona mto mkavu uliopanda juu. Maji yamo katikati ya chembe za mchanga.

Faida yake yote iko kwenye upande wa kutoka. Jua hunyonya maji ya sentimita za juu kwa urahisi, lakini usawa wa maji ukishashuka takriban sentimita 60 chini ya mchanga mnene, yaani wa chembe kubwa, uvukizi hupungua hadi kuwa kitu kidogo tu ukilinganisha na maji ya wazi. Lambo linaendelea kunywewa na jua hadi tone la mwisho. Bwawa la mchanga hutoa kafara ile ya juu, kisha hubaki salama. Watu wa Lamu wanaujua ukweli huu kwa njia yao, maana vilima vya mchanga vya Shela vimeuhifadhia mji maji baridi kwa vizazi vingi, kando kabisa ya bahari ya chumvi.

Hasara yake iko kwenye ujazo. Mchanga wenyewe unachukua nafasi. Katika mita moja ya ujazo ya mchanga mnene, maji unayoweza kuyachota ni kama robo. Tuupime mto wenye upana wa mita 12 na ukuta wa mita 2, mchanga ukijaa hadi mita 200 nyuma ya ukuta huku kina kikipungua taratibu mpaka sifuri. Mchanga wote ni mita za ujazo 2,400. Toa sentimita 60 za juu, ambazo ni za jua. Zinabaki mita za ujazo 1,176 hivi za mchanga, na robo yake ni 294 za maji. Kwa watu 300 wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku, hayo ni maji ya siku 49.

Siku 49! Mtu akiishia hapo ataliona bwawa la mchanga ni upuuzi. Lakini mizania haijakamilika, maana kuna njia ya kuingia ambayo hesabu hiyo imeiacha: kingo. Usawa wa maji unapopanda mtoni wakati wa mvua, maji husukumwa kwenye udongo wa kingo zote mbili, na kiangazi yanarudi mtoni kidogo kidogo kadiri watu wanavyochota. Vipimo vilivyofanywa Kitui vimeonyesha kuwa mchango wa kingo ni mkubwa, na ndio unaoeleza kwa nini baadhi ya mabwawa hutoa maji hadi vuli ilhali hesabu ya mchanga peke yake inasema yangekauka zamani. Kwa hiyo bwawa lililo kati ya kingo za udongo unaopokea maji ni bora kuliko lililobanwa na miamba pande zote, hata kama la pili linapendeza zaidi kwenye picha.

Na walio chini ya mto? Hofu yao ni ya haki na inastahili jibu la namba. Mto wa msimu hupitisha maji mengi mno kwa saa chache, na bwawa moja hushika asilimia chache tu ya mtiririko wa msimu. Mengine yote hupita juu ya ukuta. Mabwawa yakipangana kwa makumi kwenye kijito kimoja, hapo swali linabadilika, na lazima watu wa chini washirikishwe kabla ya jiwe la kwanza.

Mahali pa kukataa bwawa la mchanga ni penye mto unaobeba udongo laini. Kama sehemu za juu ni mashamba ya udongo mwekundu yasiyo na matuta, nyuma ya ukuta patajaa tope, na tope hushika maji bila kuyaachia. Yapo mabwawa mengi yaliyokufa kwa sababu hii, na mengine kwa sababu ukuta ulipandishwa wote kwa mara moja hadi maji yakatulia na kuangusha udongo laini. Chukua mchanga wa mto mkononi, utie kwenye chupa ya maji, tikisa, subiri. Ukishuka upesi na maji kubaki meupe, endelea. Dalili njema zaidi ni pale ambapo akina mama tayari wanafukua mchanga na kupata maji mwezi wa Agosti, na mikuyu imesimama kando ya mto ikiwa na majani mabichi. Mti ule unajua kilipo kina cha maji.

## Tangi la paa: usilipime kwa mvua ya mwaka

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Hakuna kanuni rahisi kuliko hii katika elimu yote ya maji. Paa la mita za mraba 50, Dodoma, milimita 570, ukitoa sehemu ya tano inayoruka, kumwagika na kuvuja kwenye mifereji: lita 22,800 kwa mwaka.

Familia ya watu watano inayotumia lita 100 kwa siku inahitaji lita 36,500. Paa halitoshi. Ndiyo maana napinga desturi ya kununua tangi la lita 20,000 kwa paa dogo kwa matumaini ya kujitosheleza kwa kila kitu. Tangi haliumbi maji. Katika miezi mitano ya mvua familia hiyo itatumia lita 15,000, zibaki lita 7,800 za kuingia nazo kiangazi, na tangi la lita 20,000 halitajaa milele.

Badilisha swali, hesabu inakubali. Maji ya kunywa na kupikia peke yake ni kama lita 7 kwa mtu, lita 35 kwa familia ile. Kiangazi cha siku 210 kinahitaji lita 7,350. Tangi la lita 10,000 linatosha na ziada. Hata mwaka mbaya wa milimita 350 paa lile litatoa lita 14,000, nazo zinazidi lita 12,775 za kunywa na kupikia mwaka mzima. Maji ya kufua na kuoga yatoke kwingine.

Wengi hupima tangi kwa wingi wa mvua ya mwaka, ilhali ukubwa wake unaamuliwa na urefu wa kipindi kirefu zaidi kisicho na mvua. Hapa Kitui na Dodoma hutengana sana. Kitui hupata mvua mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na zile za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemewa zaidi. Kiangazi chake kirefu, kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi Oktoba, ni siku 140 au 150. Familia ileile, kwa lita 35 kwa siku, inahitaji lita 5,250 tu. Tangi la lita 6,000 Kitui linafanya kazi ya tangi la lita 8,000 au 10,000 Dodoma, na pesa iliyobaki inunue mifereji imara. Tanga au Unguja, penye mvua zaidi ya maradufu ya Dodoma na vipindi vya ukavu vifupi, tangi dogo zaidi hutosha.

Tangi lililofunikwa vizuri halina hasara ya jua wala ya ardhi. Hasara yake ni kufurika, na mfereji uliopinda. Maji ya mwanzo wa kila mvua yamwage, lita 50 hivi kwa paa hilo, kwa sababu yamebeba kinyesi cha ndege na vumbi la kiangazi. Weka wavu mdogo kwenye matundu yote. Mbu akipata njia, umejenga mazalio.

## Kisima kirefu: akiba usiyoiona ikipungua

Hiki ndicho kinachopendwa kuliko vyote, na ndicho ninachokiogopa kikifanywa chaguo la kwanza bila vipimo. Hakipotezi maji kwa jua, hakina tope, na maji yake mara nyingi ni safi kuliko ya juu ya ardhi. Shida ni kwamba upande wa kuingia haumo machoni mwetu, wala hauendi kwa ratiba ya mwaka.

Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, ndipo somo hili lilipoandikwa. Visima vya huko ndivyo vilivyoinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na usawa wa maji umepimwa tangu miaka ya 1950, mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za maji ya ardhini katika nchi za joto. Watafiti walipoichambua na kuchapisha matokeo mwaka 2013, waliona kuwa katika miaka mingi ya mvua za kawaida, maji ya ardhini hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Yalishuka mwaka hadi mwaka, kisha yakapanda kwa kishindo pale tu mvua zilipokuwa kubwa mno, kama msimu wa 1997–98 wa El Niño. Na sehemu kubwa ya maji hayo huingia kwenye vitanda vya mito ya msimu inapofurika, kuliko kupenya kwenye uwanda mzima.

Kwa hiyo mizania ya kisima kirefu huhesabiwa kwa miaka kumi kumi, si kwa mwaka mmoja. Ukitaka kipimo cha haraka cha mwaka, chukulia asilimia 1 ya mvua inafika chini. Kwa milimita 570 hiyo ni milimita 5.7, yaani mita za ujazo 5,700 kwa kila kilomita ya mraba. Kijiji cha watu 2,000 wanaotumia lita 20 kwa siku kinahitaji 14,600. Kinakula mavuno ya zaidi ya kilomita za mraba mbili na nusu za ardhi. Inawezekana, mradi vijiji vingine vitatu havijachimba kwenye mwamba uleule, na mradi hakuna shamba la umwagiliaji linalovuta maji usiku na mchana. Akiba ikivutwa kuliko inavyojazwa, hakuna dalili ya juu. Pampu inaanza tu kuvuta hewa mwezi wa Oktoba, na kamati inadhani pampu ni mbovu.

Halafu kuna yaliyoyeyuka ndani ya maji. Miamba ya kale ya Kitui, Makueni na Dodoma mara nyingi hutoa maji ya chumvi, wakati mwingine ya chumvi kiasi ambacho hata ng'ombe hukunja pua. Kuzunguka Mlima Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, tatizo ni floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukizidi hapo kwa miaka, meno ya watoto hubadilika rangi, na kwa viwango vikubwa mifupa hupinda. Floraidi haionekani, haina harufu, wala haiondoki kwa kuchemsha, kuchemsha huikoleza. Maji yapimwe maabara kabla ya kulipa fundi malipo ya mwisho.

Pia kibali. Tanzania kinatolewa na bodi ya maji ya bonde husika, Kenya na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ukienda ofisini uliza swali moja la ziada: visima vingapi vimesajiliwa ndani ya kilomita mbili, na vilitoa kiasi gani vilipojaribiwa.

## Kwa hiyo uchague kipi

Ningekuwa kwenye kamati ya kijiji cha Kitui chenye mto wa mchanga mnene na kingo za udongo unaonyonya, nisingefikiria kisima kirefu kwanza. Bwawa la mchanga na kisima kifupi cha pampu ya mkono pembeni, pamoja na matangi ya lita 6,000 kwenye kaya na shule. Bwawa likupe maji ya kufua, ya miche na ya mbuzi. Tangi likupe ya kunywa.

Shinyanga na Simiyu, kwenye uwanda wa udongo mweusi wa mfinyanzi na mifugo mingi, mito yenye mchanga mnene si ya kila mahali, ila ardhi yenyewe inashika maji. Pale lambo ndilo lenyewe, mita 3 au zaidi, na mifugo inyweshwe kwenye birika nje ya uzio badala ya kuingia majini.

Dodoma na Singida ni pagumu zaidi, kwa sababu ya zile siku 210. Hapo kisima kirefu huwa hakikwepeki kwa kijiji kikubwa, lakini kipunguziwe mzigo: mifugo ihamie kwenye lambo, na kila kaya yenye bati iwe na tangi la kunywa. Kila lita isiyovutwa kisimani mwaka wa mvua nzuri ni lita utakayoikuta mwaka wa ukame, kwa sababu kule chini hakuna jua la kuichukua. Katika hilo kisima kinayashinda yote matatu yaliyotangulia, maana ndicho kinachoweza kubeba maji mengi kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Taasisi kama shule au zahanati zina mapaa makubwa. Paa la mita za mraba 400 Dodoma hutoa zaidi ya lita 180,000 kwa mwaka. Nashangaa kila ninapoona maji hayo yakikata mtaro kwenye msingi wa jengo wakati wanafunzi wanabeba madumu kutoka nyumbani.

Kama tayari mna lambo linalokauka mapema na mnabishana kama muhamie kwenye kisima, lipimeni kwanza. Chomekeni majini fimbo iliyochorwa sentimita na milimita, mahali pasipo mawimbi, siku zisizo na mvua. Someni jua linapotua, zuieni mifugo na ndoo, someni tena alfajiri, kisha jioni inayofuata. Usiku usio na upepo jua halipo, kwa hiyo karibu yote yaliyopungua usiku yamepenya ardhini. Yaliyopungua mchana kuliko usiku ndiyo ya jua. Rudieni siku kadhaa mpate wastani. Usiku ukikaribiana na mchana, lambo linavuja, na dawa yake ni mfinyanzi ulioloweshwa na kushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 kabla ya mvua. Usiku ukiwa mdogo na mchana mkubwa, udongo wenu ni mzuri: chimbeni sakafu ya lambo mita moja zaidi, na msipanue uso wake hata kidogo.